Mcheza kwao hutunzwa, ila Rafferty alitunzwa jua likizama

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii huitumia kila tunapotaka kuwahimiza wasanii wetu wasikimbilie ughaibuni, bali wabaki nyumbani wakiimba, wakiandika na kuigiza mambo yanayotuhusu. Ni usia mwema. Hata hivyo, aliyeutoa alichukulia kwamba uwanja wa ngoma ni mali ya wenyeji, na kwamba watazamaji waliouzunguka ni jamaa zake mchezaji. Je, mambo yakiwa kinyume? Ikiwa uwanja ni wa mgeni, ngoma ni za mgeni, na hata anayeketi mlangoni kupokea kiingilio ni wakala wa mgeni, huyo mcheza kwao atatunzwa na nani?

Sijaona jibu la swali hilo lililo wazi kuliko maisha ya Chips Rafferty, mwigizaji wa sinema wa Australia aliyeaga dunia mwaka 1971. Kwa muda wa miaka thelathini hivi, uso wake ndio uliokuwa uso wa Australia mbele ya walimwengu. Alikuwa mrefu kupita kiasi, mwembamba, ngozi imekaushwa na jua, mwenye kusema polepole na kutomnyenyekea bwana yeyote. Wakubwa wa sinema wa London na Hollywood walipohitaji Mwaustralia, walimwita yeye. Lakini ni nadra walipomwita awe shujaa. Alikuwa miongoni mwa wale waigizaji ambao mtazamaji huwatambua na kuwafurahia mara tu wanapojitokeza, ingawa hadithi si yao: sajini, baharia, msimamizi wa vibarua, baba mzazi wa binti anayeposwa. Bila wao filamu huchwara, na bado majina yao huandikwa chini ya majina ya wengine.

Jina alilopewa na wazazi wake ni John William Pilbean Goffage. Alizaliwa tarehe 26 Machi 1909 katika mji wa Broken Hill, ulioko upande wa mbali wa magharibi ya jimbo la New South Wales. Ni mji wa wachimba madini ya fedha, risasi na zinki, uliozingirwa na nyika kavu isiyo na mwisho. Kabla ya kuingia katika sinema alifanya kazi za sulubu za kila aina: alichimba vito vya opali, akakata manyoya ya kondoo, akaswaga ng'ombe. Ndiposa alipokuja kuigiza wachungaji na vibarua, hakuhitaji mtu wa kumfundisha jinsi ya kushika hatamu za farasi. Alikuwa akikaribia umri wa miaka thelathini alipopewa nafasi ndogo ndogo katika filamu za kampuni ya Cinesound ya Sydney, chini ya mwelekezi Ken G. Hall, nafasi za kupita tu nyuma ya migongo ya wakubwa.

Yafaa msomaji akumbuke kwamba Australia haikuwa mwanafunzi katika fani hii. Filamu iitwayo The Story of the Kelly Gang, iliyotengenezwa huko mwaka 1906, inahesabiwa kuwa ya kwanza ulimwenguni kusimulia kisa kwa muda unaozidi saa moja. Lakini kufikia miaka ya 1940, kampuni kubwa za Marekani na Uingereza zilikuwa zimejipatia hisa kubwa katika kumbi za sinema za nchi hiyo. Kampuni ya Twentieth Century-Fox ilikuwa na mkono wake katika kumbi za Hoyts, na shirika la Rank la Uingereza likanunua nusu ya kumbi za Greater Union. Mwenye ukumbi huonyesha bidhaa zake kwanza. Mwaustralia alikuwa na vipawa, hadithi na watazamaji, ila hakuwa na mlango.

Nyota ya Rafferty iling'aa mwaka 1940, pale mwelekezi Charles Chauvel alipomchagua awe mmoja wa marafiki watatu katika filamu ya Forty Thousand Horsemen. Filamu hiyo ilisimulia habari za wapanda farasi wa Australia waliopigana na Waturuki huko Palestina wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Ilipendwa nyumbani na ikauzwa ng'ambo. Mwaka uliofuata Rafferty alioa, akajiunga na jeshi la wanahewa la nchi yake. Jeshi lilimruhusu kutoka mara kwa mara ili aigize, na mnamo 1944 alitokea katika The Rats of Tobruk, kisa cha askari waliozingirwa katika mji huo wa Libya.

Katika filamu hiyo aliigiza pamoja na Peter Finch, na hapa ndipo njia za watu wawili zinapoachana. Finch, aliyezaliwa London lakini akalelewa Sydney, alifunga virago mwaka 1948 akaenda Uingereza. Huko alikuwa nyota mkuu, na mwaka 1977, akiwa tayari marehemu, akapewa tuzo ya Oscar. Rafferty naye aliitwa Uingereza, akaigiza katika The Loves of Joanna Godden ya mwaka 1947, kisha akarudi kwao. Sisemi kwamba Finch alikosea. Nasema tu kwamba huyu wa pili ndiye aliyefuata usia wa wahenga, na tutazame ulimlipa nini.

Aliyemfanya Rafferty ajulikane ulimwenguni alikuwa mwelekezi Mwingereza, Harry Watt, aliyetumwa Australia na studio za Ealing za London. Watt alisikia jinsi ng'ombe walivyoswagwa kutoka kaskazini mwa nchi mwaka 1942, wakati Waaustralia walipohofia kuvamiwa na Wajapani. Akamtafuta mtu wa kuigiza kiongozi wa msafara, akamwona Rafferty. The Overlanders ilitoka mwaka 1946: ng'ombe elfu moja, safari inayozidi kilomita 2,000, mito yenye mamba na visima vilivyokauka. Haikuwa na majumba ya fahari wala vita vya bastola. Watazamaji wa London na Sydney waliishangilia. Kwa mara ya kwanza Rafferty alikuwa ndiye shujaa, na nchi yake yenyewe ilikuwa mhusika mkuu pamoja naye.

Ealing wakaona faida. Rafferty akatokea katika Eureka Stockade ya mwaka 1949, akiigiza kama Peter Lalor, kiongozi wa wachimba dhahabu walioasi serikali ya kikoloni huko Ballarat mwaka 1854. Filamu hiyo haikufanikiwa kama ile ya kwanza. Mwaka 1950 ikafuata Bitter Springs, na hii ingewagusa sana wasomaji wa gazeti hili. Familia ya Wazungu inafika kwenye kisima mikononi ina karatasi ya serikali inayosema ardhi ni yao, ilhali wenyeji wa asili wamekunywa maji ya kisima hicho tangu enzi za mababu. Swali hilo, la karatasi na kisima, sisi tunalifahamu vyema. Filamu ililiuliza kwa ujasiri usiokuwa wa kawaida wakati huo, kisha ikaogopa jibu lake. Inamalizika kwa mapatano ya harakaharaka, wenyeji wakiwa wamegeuzwa vibarua wa kukata manyoya ya kondoo.

Hatuwezi kumtazama Rafferty bila kuitaja dosari hii. Mwaustralia aliyekuwa akimwigiza alikuwa Mzungu wa nyika, na wenyeji wa asili walikuwa pembeni yake jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa pembeni ya Waingereza na Wamarekani. Mmoja wao, Henry Murdoch, alitokea pamoja naye katika filamu kadhaa, na ni wachache wanaolikumbuka jina lake. Anayeliliwa leo kwa kunyimwa uwanja huenda naye kesho akamnyima jirani yake.

Harry Watt naye, baada ya Australia, alifunga safari akaja huku kwetu. Mwaka 1951 alitoa Where No Vultures Fly, iliyotengenezwa Kenya na kujikita katika kazi ya Mervyn Cowie ya kuanzisha mbuga za wanyama. Mwaka 1954 akaifuatisha na West of Zanzibar. Studio ni zile zile za Ealing, na mtindo ni ule ule wa nchi pana, mifugo au wanyama, vumbi na jua. Tofauti ni moja. Australia ilipata Rafferty, mtu wa nchi ile, akisimama mbele. Kenya ilipata Mwingereza Anthony Steel kama mlinzi wa wanyama, na wananchi wakawa nyuma yake. Kwa hivyo tunapomsikitikia Rafferty, tukumbuke kwamba kuna waliokuwa chini yake katika ngazi hiyo hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Ealing walifunga shughuli zao Australia wakaondoka. Hollywood wakaja. Kampuni ya Fox ilitengeneza Kangaroo, iliyotoka mwaka 1952, na nyota wakawa Maureen O'Hara na Peter Lawford. Rafferty, aliyekuwa shujaa miaka sita tu iliyotangulia, alipewa nafasi ya askari polisi. Kisha akaitwa California kuigiza katika The Desert Rats ya mwaka 1953. Kinaya ni kwamba kisa ni kile kile cha askari wa Australia mjini Tobruk, ila sasa jangwa lilikuwa la Marekani na afisa wao aliigizwa na Richard Burton kutoka Wales. Rafferty alikuwa sajini. Hadithi ya nyumbani kwake ilikuwa imehamishwa, na yeye akakaribishwa ndani yake kama mgeni.

Mtu mwingine angebaki huko huko akala mshahara. Rafferty alirudi Sydney akaamua kutengeneza filamu mwenyewe. Lakini serikali ya wakati huo ilikuwa imeweka kanuni kwamba kampuni ambayo shughuli zake si muhimu kwa taifa isikusanye mtaji unaozidi pauni 10,000 bila idhini. Sinema haikuhesabiwa kuwa muhimu. Tafakari, msomaji. Milango ya kumbi za wageni ilikuwa wazi kuonyesha filamu za wageni, na mwananchi aliyetaka kutengeneza ya kwake alikuwa amefungwa mkono mmoja na serikali yake mwenyewe.

Hakukata tamaa. Pamoja na mwelekezi kijana, Lee Robinson, alitengeneza The Phantom Stockman mwaka 1953 karibu na mji wa Alice Springs, kwa gharama ndogo iliyolingana na mipaka hiyo. Ndani yake alitokea Albert Namatjira, mchoraji mashuhuri kutoka jamii ya wenyeji wa asili. Filamu iliuzwa ng'ambo ikarudisha fedha zake. Wakafuatisha na King of the Coral Sea, kuhusu wapiga mbizi wa lulu katika visiwa vya kaskazini, ambayo ilimpa nafasi kijana Rod Taylor kabla hajawa nyota wa Hollywood. Mwaka 1956 wakashirikiana na Wafaransa kutengeneza Walk into Paradise katika milima ya New Guinea. Mfanyabiashara Mmarekani, Joseph E. Levine, aliinunua, akabadilisha jina ili pepo igeuke jahanamu, akaiuza kwao kwa faida.

Hebu tuyapime hayo. Kwa miaka kadhaa, takriban wao peke yao ndio waliokuwa wakitengeneza filamu ndefu za Kiaustralia mfululizo. Hawakuwa na ruzuku wala sheria ya kuwalinda. Walikuwa na fedha ambazo Rafferty alizipata kwa kuigiza sajini na polisi katika filamu za wengine. Alichuma ugenini akapanda nyumbani.

Mavuno hayakudumu. Filamu zilizotengenezwa Tahiti kwa ushirikiano na Wafaransa hazikuleta faida. Dust in the Sun ya mwaka 1958, ambayo ilimshirikisha Robert Tudawali, mwenyeji wa asili aliyesifika kwa nafasi yake kuu katika Jedda ya mwaka 1955, nayo haikufua dafu. Isitoshe, runinga ilikuwa imeanza Australia mwaka 1956 na kuwabakisha watu majumbani. Kufikia mwaka 1959 kampuni ilikuwa imeporomoka, na fedha za Rafferty zilikuwa zimekwenda nayo. Tudawali aliyapata makubwa zaidi. Alifariki mjini Darwin mwaka 1967, mwaka ule ule ambao wananchi wa Australia walipiga kura ya maoni ili watu wa jamii yake wahesabiwe katika sensa ya taifa.

Mwaka 1963, kamati ya Seneti ya Australia ilichunguza hali ya runinga, ikagundua kwamba asilimia 97 ya michezo ya kuigiza iliyoonyeshwa tangu 1956 ilitoka Marekani. Kamati ikapendekeza wasanii wa nyumbani wasaidiwe. Ripoti ikawekwa kwenye rafu, mahali ambapo ripoti nyingi za namna hiyo, hata za nchi tunazozijua, huishia.

Rafferty akarejea kwenye kazi ya uigizaji wa pembeni. Katika The Sundowners ya mwaka 1960, kisa cha wasafiri wa nyika ya Australia, nafasi kuu zilichukuliwa na Mmarekani Robert Mitchum na Deborah Kerr wa Uingereza. Yeye alikuwa miongoni mwa wakata manyoya. Katika Mutiny on the Bounty ya mwaka 1962 alikuwa baharia nyuma ya Marlon Brando. Mke wake alifariki mwaka 1964. Akaendelea na safari: michezo ya runinga ya Marekani kama Gunsmoke, filamu ya Double Trouble pamoja na Elvis Presley mwaka 1967, na nyumbani They're a Weird Mob ya mwaka 1966, ambapo aliigiza baba mkali wa binti anayependwa na mhamiaji kutoka Italia. Hakuna aliyewahi kusema kwamba aliifanya kazi yoyote kati ya hizo shingo upande. Kila alipotokea, hata kwa dakika chache, mtazamaji aliamini kwamba mtu yule alikuwa na nyumba, deni na historia kabla ya kuingia kwenye picha.

Mwaka 1970, chini ya waziri mkuu John Gorton, Bunge la Australia hatimaye liliunda shirika la kufadhili filamu za nyumbani. Hoja walizozitetea Rafferty na wenzake kwa miaka mingi zilikuwa zimekuwa sheria. Mwaka huo huo alirejea Broken Hill, mji aliozaliwa, kuigiza katika filamu ya Wake in Fright. Ni kisa cha mwalimu kijana anayekwama katika mji wa nyika na kuharibiwa na kamari na pombe. Hata hapa, mwelekezi Ted Kotcheff alikuwa Mkanada, na nafasi mbili kuu zilishikwa na Waingereza. Rafferty aliigiza polisi wa mji, mcheshi na mkarimu, ambaye humwongezea kijana glasi baada ya glasi hadi ukarimu wenyewe unatisha. Maisha yake yote alikuwa ameigiza wema wa mtu wa nyika. Sasa akaufunua upande wa pili wa sarafu ile ile, bila kupaza sauti. Wengi huihesabu kuwa kazi yake bora kupita zote.

Mwanzoni mwa 1971 alitunukiwa nishani ya MBE. Mwezi wa Mei filamu hiyo ilionyeshwa katika tamasha la Cannes. Tarehe 27 ya mwezi huo huo, akiwa na umri wa miaka 62, moyo wake ulisimama ghafla akitembea barabarani mjini Sydney. Hakuwahi kuiona filamu yake ya mwisho ikionyeshwa katika kumbi za nchi yake. Katika miaka iliyofuata, kwa fedha za umma ambazo yeye hakuwahi kuzionja, Waaustralia walitoa filamu kama Picnic at Hanging Rock ya mwaka 1975, na waigizaji wao wakawa mashujaa wa hadithi zao wenyewe. Mwaka 1989 sura yake ilipigwa chapa kwenye stempu ya posta.

Kuna jambo moja zaidi. Wake in Fright yenyewe ilipotea. Nakala asilia ilitafutwa kwa miaka mingi na Anthony Buckley, mhariri wake, hadi ilipopatikana mwaka 2004 katika bohari mjini Pittsburgh, Marekani, ndani ya masanduku yaliyokuwa yakisubiri kuteketezwa. Ikasafishwa, na mwaka 2009 ikaonyeshwa tena Cannes na kwao. Hata kumbukumbu ya mcheza kwao ilikuwa imehifadhiwa ugenini, kama takataka.

Kenya nayo imekuwa uwanja mzuri wa filamu za wengine, kuanzia enzi za Watt hadi Born Free ya mwaka 1966 na Out of Africa ya mwaka 1985. Tuna mandhari na tuna waigizaji, na wengi wao tunawajua kwa sura bila kuwajua kwa majina. Kuwaambia wabaki nyumbani ni rahisi. Maisha ya Rafferty yanatuonyesha kwamba methali peke yake haimtunzi mtu. Humtunza ukumbi unaokubali kuonyesha kazi yake, sheria isiyomfunga mkono, mtaji wa kuanzia na ghala la kuhifadhi alichokitenda. Hayo ni majukumu ya wenye uwanja, na hawana budi kuyatimiza wakati mchezaji angali na nguvu za kucheza.